Tulidhani Anaigiza

Watu walimwita Masihara, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa kiongozi wa wapanda milima, kama shemeji yake, dada wa mkewe, ambaye kazini walimwita Komando. Kampuni ilipowapeleka wote wawili kwenye mafunzo ya tiba ya porini, Masihara aliomba mwenyewe awe mgonjwa wa kuigiza. Kulala majanini huku wenzako wakitoka jasho, alisema, ni kazi ya watu wenye akili.

Mkufunzi, muuguzi wa makamo asiye na maneno mengi, aliwapa onyo moja kabla ya kutoka darasani: mgonjwa wa kuigiza akidhurika, aseme "kweli tupu", na zoezi lisimame palepale. Asubuhi hiyohiyo Masihara alishayasema maneno hayo, akidai harufu ya soksi za Komando inamuua. Hata mkufunzi alicheka, kisha akamkanya.

Mchana wakapanda mteremko. Masihara akalazwa kando ya jabali, mguu umepakwa rangi nyekundu, na Komando akapewa kuongoza waokoaji. Walikuwa wakimfunga banzi mguuni alipojipiga kofi shingoni na kusema nyuki amemuuma. Hakuna aliyejali. Punde akaanza kujikuna kifua, akakohoa, akajishika koo. Mmoja wao akasema huyu leo kapitiliza, kavunjika mguu halafu anakufa kwa koo. Wakacheka. Komando naye akacheka.

"Shemeji, punguza chumvi," akamwambia.

Masihara akafungua mdomo. Yale maneno mawili hayakutoka. Ilitoka sauti nyembamba, ya kukwaruza.

Ndipo Komando alipoiona midomo yake. Rangi mtu hujipaka, lakini midomo haivimbi kwa kuigiza. Akampandisha fulana: tumbo zima lilikuwa limeumuka vipele. Akaomba sindano ya mzio, kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie. Mkufunzi alikuwa ameshafungua mkoba. Akampa yeye aliyekuwa karibu zaidi, na Komando akaichoma pajani, juu ya suruali, kama walivyofundishwa.

Walimbeba kwa machela ileile ya mazoezi hadi kwenye gari. Njiani hali ikawa mbaya tena, mkufunzi akamchoma ya pili. Hospitali ikamlaza, ikasema amewahishwa.

Jioni Komando alimkuta mdogo wake kwenye benchi nje ya wodi, viatu vya mumewe mapajani. Daktari alikuwa ameshamweleza habari ya sindano. Mdogo mtu akamshika dada yake mikono yote miwili, akamshukuru mpaka machozi yakamtoka.

Komando angeweza kuishia hapo. Lakini shukrani ile ilimchoma, na alijua pia kwamba maneno hayana mlango. Kesho mdogo wake angeyasikia kwa mwingine. Akamweleza yote, pamoja na kicheko.

Mdogo wake akamuuliza, "Na wewe ulicheka, dada?"

"Nilicheka."

"Alikuwa anakutazama?"

"Alikuwa ananitazama."

Mdogo wake akaitoa mikono yake taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Muuguzi wa wodi akachungulia, akasema mgonjwa ameamka, aingie mmoja tu. Mdogo mtu akainuka na vile viatu, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake.

Komando akabaki benchini. Alitaka kuitwa, na alikuwa anaogopa kuitwa.