Kigari cha Wib na Injini ya Ardis

Kwa miaka ishirini na sita Wib Ruona, mume wa dada yangu Ardis, alikuwa mkuu wa zimamoto wa mji wetu mdogo wa Lindgren. Kwetu zimamoto ni watu wa kujitolea. King'ora kikilia juu ya paa la kituo, muuza duka anafunga duka, fundi bomba anamwacha mteja na maji yakimwagika, na wote wanaukimbilia mlima kwa barabara ya Shimo Nne, hadi kituoni juu, kwenye magari. Wib hakuwahi kufika wa pili.

Mwezi wa nne akaanguka dukani, mbele ya friji la maziwa, akatetemeka sakafuni watu wakimtazama. Madaktari wa mjini Marquette wakasema ni kifafa, kimemjia uzeeni. Wakampa vidonge. Wakasema asiendeshe gari mpaka ipite miezi sita bila kuanguka, na moto asiusogelee kabisa. Ukuu akaushika Colleen Tervo, ambaye Wib mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mpira wa maji.

Kuanzia hapo Wib hakutulia. Alipaka rangi sauna yao, kile kibanda cha kuogea mvuke uani, akaona haijakaa vizuri, akaipaka tena. Alichambua misumari na skrubu za maisha yake yote, akazitia kwenye makopo, kisha akazimwaga azipange upya. Mezani mguu wake ulicheza mpaka vikombe vikalia.

"Wib, mguu wako unanimwagia kahawa," Ardis alimwambia siku moja nikiwepo.

"Si mguu, ni meza yako mbovu."

"Meza hiyo umeitengeneza wewe."

Nikamtafutia kigari cha gofu, kimoja kati ya vile vilivyobaki uwanja mmoja ulipofungwa. Konstebo wetu alimwambia Wib kwamba ataangalia pembeni, mradi kigari kiende polepole kuliko mbwa wake. Na mbwa wake alikuwa mzee. Kwa wiki mbili Wib alikuwa na furaha. Alikwenda posta, alikwenda ziwani, alikwenda kumsumbua kinyozi. Lakini kigari kile kilikuwa na injini ya silinda moja, na Wib ni mtu mwenye mwili. Mlima wa Shimo Nne kilikuwa kinaupanda hadi nusu, kikakohoa, kikasimama.

Mwezi wa nane king'ora kililia mchana. Wib akarukia kigari. Alipofika nusu ya mlima akashuka akaanza kukisukuma, na alipokuwa anasukuma, magari mawili ya zimamoto yakateremka yakampita. Vijana wakampigia honi. Wale vijana wanampenda, nilijua hivyo. Yeye alisikia kicheko.

Kesho yake akaja kwangu kabla sijanywa kahawa.

"Delbert, mashine yako ya kuchomelea bado nzima?"

"Nzima. Unataka kuchomelea nini?"

"Ilete tu, shemeji. Maswali baadaye."

"Kama ni kufika kituoni, nimeshakwambia nitakupeleka na gari langu. Mara ngapi nimesema?"

"Sitaki kupelekwa, Delbert. Mzigo ndio unaopelekwa."

Bandani kwake alikuwa ameshavua turubai kwenye pikipiki ya theluji ya dada yangu, ile mashine yenye skii mbele na mkanda wa kukimbilia nyuma. Ilikuwa ya manjano, ya zamani, na kila mtu wa rika letu aliijua. Ardis aliwahi kushindana nayo kwenye barafu ya ziwa, akawashinda wanawake wote wa kaunti majira mawili mfululizo. Tangu alipobadilishwa nyonga hakuipanda tena, lakini kila msimu wa kupukutika majani alikuwa akiiwasha, akaisikiliza kidogo, akaizima. Wib alikuwa ameshafungua boneti, na kabureta ilikuwa imekaa juu ya gazeti.

"Dada anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Ikishawaka."

Ningeondoka. Ningekuwa mtu wa maana ningeondoka. Lakini nilikuwa sijamwona Wib ametulia mikono namna ile tangu mwezi wa nne, kwa hiyo nikavuta waya wa mashine hadi ndani.

Ardis alikuwa akifanya kazi kwenye jiko la shule, anarudi saa nane mchana, kwa hiyo sisi tulifanya kazi asubuhi. Kwanza tulifunga kabureta ile kubwa kwenye injini ya kigari na kung'oa kile kidude kinachokizuia kisikimbie. Kwenye tambarare kikawa chepesi, lakini mlimani kikakohoa vilevile. Wib akasema basi, hamna haja ya kubembeleza. Tukaitoa injini ya kigari yote. Tukaichukua ya pikipiki ya theluji, silinda mbili, inayopozwa na feni kwa hiyo haitaki theluji wala maji, tukaichomelea bamba la chuma, tukaikalisha chini ya kiti pamoja na klachi yake. Mkanda tukautoa kwenye klachi hiyo hadi kwenye puli ya ekseli ya nyuma. Bomba la moshi likatokea ubavuni.

Siku ya kuijaribu, mwezi wa tisa ukiisha, injini iliwaka kwa mvuto wa tatu ikajaza banda moshi wa buluu. Wib akakanyaga mafuta. Hakuna kilichotokea, injini ikalia tu. Akakanyaga zaidi, na hapo klachi ikashika ghafla. Kigari kikanyanyua magurudumu ya mbele, kikatoka bandani kimesimama kama farasi, kikapita katikati ya miti ya rasiberi, kikasimama kwenye ukuta wa sauna.

Ardis alikuwa amesimama kwenye njia ya gari na mfuko wa mboga mkononi. Siku hiyo shule ilifungwa mapema.

Hakuuliza chochote. Aliusikia ule mlio, akaujua. Akaenda bandani, akaiangalia pikipiki yake ya manjano iliyobaki ganda, akarudi.

"Ulishindwa kungoja nife kwanza, Wib?"

"Mama, nilitaka…"

"Usiniite mama. Na wewe Delbert, nenda kwako."

Nikaenda kwangu. Kwa siku mbili, Wib aliniambia baadaye, hakusemeshwa neno. Chakula kiliwekwa mezani, sufuria ikapigwa chini, basi. Siku ya tatu Ardis alivaa ovaroli, akaingia bandani, akakaa kwenye ndoo na kuifungua klachi. Wib akanipigia simu nije, kwa sauti ya mtu aliye karibu na mnyama wa porini.

"Hii klachi niliitengenezea barafu," Ardis alisema bila kututazama. "Nilichonga hivi vyuma vya ndani kwa tupa mwenyewe, ishike injini ikiwa imeshafika mwisho wa kasi yake. Nyinyi mmeipachika kwenye kitu cha kubebea wazee. Lazima iwarushe."

"Inafaa tufanye nini?" niliuliza.

"Ilifaa mniulize. Nipe lile kopo la springi. Si hilo. Lile."

Akatia springi laini, akatia vyuma vizito, ili klachi ishike mapema na polepole. Alipomaliza alifuta mikono, akainama kutazama chini ya kigari.

"Na breki?"

Tukatazamana na Wib.

"Breki ni zile zile," akasema Wib.

"Zile za kusimamisha kigari cha maili kumi na mbili kwa saa. Sasa kitakwenda thelathini. Mnasikia mnachosema? Kigari hiki hakiendi mlimani mpaka breki zibadilishwe. Wib, nitazame. Sema."

"Hakiendi mlimani."

"Mpaka?"

"Mpaka breki zibadilishwe."

Breki tuliziagiza Jumatano. Jumamosi, saa tisa alasiri, nilikuwa napasua kuni nikasikia king'ora. Muda huohuo nikausikia mlio wa injini ile ukitoka upande wa kwao, nikatupa shoka. Wib akapita mbele ya nyumba yangu amekiinamia kiusukani kile kidogo, kofia imegeuka nyuma, moshi wa buluu unamfuata. Hakuniona. Uso wake ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini.

Ardis akatokea kwenye baraza lao. "Washa gari, Delbert! Washa gari!"

Yaliyompata huko mbele alitusimulia mwenyewe. Alisema kigari kiliupanda mlima kama hakuna mlima. Kwenye ile sehemu ambako siku zote kilikuwa kinakufa, hakukuwa na hata kikohozi, na alianza kucheka peke yake. Alikuwa ameshaliona paa la kituo. Kisha akasikia ladha ya shaba mdomoni, kama mtu aliyelamba sarafu. Ladha ileile ya siku ya friji la maziwa.

Alijua ana sekunde chache. Kama angekanyaga mafuta angefika juu, kituoni, mahali watu wanapokimbilia na kuegesha magari, akiwa hajitambui na injini bado inavuta. Akazima injini. Kigari kikasimama, kisha kikaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kikaendelea kurudi. Kitu cha mwisho anachokumbuka ni kuzungusha usukani kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye tuta.

Tulimkuta kwenye mtaro. Kigari kilikuwa kimelalia tuta, gurudumu moja limepinda, na Wib alikuwa nusu ndani nusu nje, anatetemeka. Dada yangu mwenye nyonga ya chuma aliteremka ule mtaro kabla sijafungua mlango. Tukamlaza ubavu kwenye majani makavu. Ardis akamwekea koti lake chini ya kichwa, akatazama saa yake, akahesabu kwa sauti. Dakika mbili na nusu. Magari ya zimamoto yakapita juu yetu yakiteremka, na hakuna aliyetuona.

Wib alipofumbua macho alimtazama mkewe muda mrefu kabla hajamjua.

"Klachi imeshika vizuri," ndilo neno lake la kwanza.

"Funga mdomo," Ardis alisema, na hapo ndipo akaanza kulia.

Moto wenyewe ulikuwa wa bomba la moshi la nyumba moja, ukazimwa upesi. Magari yaliporudi, Wib alikuwa amekaa kwenye tuta na damu kidogo kwenye nyusi. Colleen Tervo akasimamisha gari, akashuka.

"Mzee, umepatwa na nini?"

Nilimtazama Wib. Tulikuwa watatu tu tuliojua. Ilikuwa imebaki wiki mbili miezi sita itimie, wiki mbili apate leseni yake, na kosa la kigari cha gofu kuacha barabara lingeweza kumpata mtu yeyote. Ardis aligeuza uso akatazama miti. Hakumsaidia kwa lolote.

"Nimeanguka tena," Wib alisema. "Anza kuhesabu upya, Colleen. Na mwambie konstebo hiki kitu kinapita mbwa wake."

Colleen alikaa kwenye tuta karibu naye, na buti zake zote na koti la moto.

"Leo redioni hapakuwa na mtu," alisema. "Nimeita kituo mara nne niulize kisima cha maji kipi kinafanya kazi upande ule. Hakuna aliyejibu. Wewe vyote unavijua kichwani."

"Sitaki kuhurumiwa, binti."

"Nani anakuhurumia? Nusura ujiue kwenye barabara yangu. Nataka mtu wa redio."

Wib akang'oa jani, akalichana, akang'oa jingine. "Nitapandaje mpaka kule?"

"Nitakupandisha mimi," Ardis alisema, akiwa bado anatazama miti. "Breki zikija. Na injini si yako, ni yangu, kwa hiyo dereva ni mimi."

Breki zilikuja wiki iliyofuata, tukazifunga watatu. Mara ya kwanza Ardis alipoendesha, Wib alishika chuma cha kiti kwa mikono miwili akamwambia apunguze, na dada yangu hakupunguza. Hajamsamehe kuhusu pikipiki yake. Aliniambia hivyo waziwazi siku moja tukila pasti, ile mikate iliyojazwa nyama na viazi, jikoni kwake, na sikumbishia.

Nimewahi kukaa na Wib kituoni wakati wengine wako kwenye moto. Sauti yake redioni ni tulivu, anataja visima, anataja njia, anarudia namba taratibu. Chini ya meza mguu wake unacheza wakati wote, na akimaliza kusema anasimama, anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda tena.