Ile ya Zamani Inatosha

...na betri ya hii mpya inakaa saa kumi, muuzaji anasema, kumi kamili dada, huna haja hata ya kubeba chaja, naye kaka anacheka kile kicheko chake cha saiti za ujenzi, saa kumi za nini, huyu anakaa mezani kutwa nzima na soketi iko miguuni pake, mwonyeshe ile ya mwaka jana, ile inamtosha... inanitosha, mimi, niliyemchorea kaka yangu ramani za nyumba miaka kumi na moja na kila kitu kikanitosha, kiti cha plastiki kilinitosha, chumba cha nyuma cha ofisi yake ya ukandarasi chenye mifuko ya saruji hadi dirishani kilinitosha, na sasa nimesimama mbele ya kaunta, kompyuta mbili zimefunguliwa ubavu kwa ubavu, ya mwaka huu na ya mwaka jana, akiba yangu mwenyewe iko mkobani na inafika hata kwenye ile ya ghali, na bado nangoja kuambiwa ninunue ipi, mtu mzima na mvi zangu mbili. Ningekuja peke yangu. Lakini yeye ndiye aliyesema nitakusindikiza mdogo wangu, hawa wauzaji wakimwona mwanamke wanapandisha bei, nikafurahi, nilifurahi kweli, nikasema moyoni ndugu ni ndugu, mpaka tulipovuka mlango na huyu muuzaji akamtazama mara moja tu akasema, karibu tena bosi, ile kompyuta ya miezi miwili iliyopita inaendeleaje, mchoraji wako ameshaizoea?

Karibu tena. Kaka akasema umenifananisha, akasema haraka mno, na muuzaji akaelewa, wauzaji huelewa upesi, akainamisha macho akapangusa kaunta isiyo na vumbi, samahani bosi, sura zinafanana... zinafanana wapi, na lile kovu la kwenye nyusi, na lile koti lenye madoa ya rangi ya ukuta begani ambalo hajalivua tangu mwaka juzi, nani mwingine anatembea mjini na koti kama lile. Mchoraji wako. Mchoraji wake ni mimi. Au nilikuwa mimi, tangu lini sijui, na huyu mtu wa dukani, ambaye sijawahi kumwona, alikuwa anajua kabla yangu... hii mpya ina kumbukumbu mara mbili dada, kioo chake hakichoshi macho, kazi yako ni ya aina gani hasa? na kaka ananijibia, anachora mistari tu, mistari ya kawaida. Mistari. Yule muuguzi mteja wetu alikuja mwezi uliopita kuchukua nakala ya ramani yake, akanishika mkono, akasema nimeipenda ile picha uliyonitengenezea, nyumba inazunguka kama iko juu ya sinia, hata maua ya getini umeniwekea, na mimi nikacheka, maua gani mama, mimi sijaweka ua hata moja, nikadhani amechanganya na mkandarasi mwingine, nikamsimulia kaka, kaka akasema huyo zamu za usiku zimemmaliza, haoni sawasawa, tukacheka wote wawili, nikacheka, mjinga mimi, nikamcheka mwanamke aliyekuwa ananiambia kweli. Kwa sababu ile nyumba ni yangu, dirisha la jikoni nililigeuza lielekee mashariki kwa kuwa aliniambia akitoka zamu alfajiri anataka anywe chai yake kwenye jua kabla ya kulala, nilikaa siku mbili nikihamisha ngazi ili dirisha lile likae, halafu kaka akaichukua akampa mtu mwingine aipambe maua. Na mara tatu nilimwomba, mara tatu, kaka tuanze na sisi picha za kuzunguka, wateja wanauliza, akasema hizo zinataka mashine ya ghali, wateja wetu ni watu wa kawaida, mtu anataka kujua choo kiko wapi basi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, mimi changu nilikuwa nakikaribisha chai kila asubuhi. Hata tulipokuwa wadogo, alichora nyumba kwa mkaa kwenye ukuta ambao mama alikuwa ameupaka chokaa jana yake, mama akauliza ni nani, akaninyooshea kidole mimi, nikala fimbo, na nikifikiri vizuri hiyo ndiyo siku pekee ambayo kaka aliwahi kumwambia mtu kwamba mchoro ni wangu.

Hii ya mwaka jana, nasikia sauti yangu inauliza, inaweza kuzungusha nyumba? Kaka anakohoa. Inaweza dada, muuzaji anasema, na hamtazami kaka, programu ni ileile, ila itachelewa kidogo, unaiacha ifanye kazi, unakwenda kunywa chai, ukirudi iko tayari... basi ilikuwa inawezekana, siku zote, hata ile yangu ya nyumbani kabla haijaanza kujizima ovyo ingeweza, haikuwa mashine, haikuwa mashine hata siku moja. Mkono wangu unataka ile mpya. Nataka niilipie mbele yake, nione uso wake utakavyobadilika, lakini hasira hasara, nitakuwa nimenunua kwa ajili ya macho yake tena, na ile tofauti ya bei ni kibao cha mlangoni chenye jina langu na kodi ya chumba kidogo chenye dirisha, mimi ambaye nimewapa watu wote madirisha. Kwa hiyo ni ya mwaka jana. Kaka amesema kweli kabisa, inanitosha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba atatabasamu, atanipiga begani, atadhani nimemsikiliza kama kawaida, atanibebea boksi hadi nje, nami nitamwachia alibebe, halafu Jumatatu afungue chumba cha nyuma akute kiti na saruji tu, mimi sipo... Muuzaji amekunja mikono anangoja, kompyuta zote mbili zinawaka, kaka anasema amua basi mdogo wangu, unajua mimi nakutakia mema, na inaniuma jamani, kwa sababu hata sasa, hapa kwenye kaunta, akigeuka akaniambia kweli, akasema tu nimekukosea, nitabaki, najijua nitabaki. Namtazama. Anaangalia saa.