Kigelegele cha Gaudiosa

Jumamosi ile Gaudiosa alikuwa jikoni kwake Hagsätra, mtaa wa Stockholm, akimenya ndizi, vidole amevipaka mafuta ili utomvu usimgande. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Vumilia, mtoto wa kaka yake, alikaa karibu na friji, tumbo limeshakuwa kubwa, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Simu ikalia. Ilikuwa Bukoba: Veneranda, binti wa ukoo wao, amechumbiwa. Gaudiosa akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akainua uso na kufungua mdomo apige vigelegele.

Hakikutoka kitu. Ulimi ulikwenda kulia na kushoto kama siku zote, Vumilia aliuona, lakini sauti haikuwapo. Vigelegele vilisikika chini, kwenye gari jeusi lililosimama mbele ya duka la pizza. Vilikuwa virefu, na mwishoni vilikuwa na kile kikwaruzo ambacho ni cha Gaudiosa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na mdundo mzito, na mwanamume akiimba harakaharaka kwa Kipunjabi.

Gaudiosa akafunga mdomo, akachungulia dirishani.

"Viko kwenye gari la yule kijana," alisema.

"Mbona hamshangilii?" iliuliza simu kutoka Bukoba.

"Tumeshangilia. Vimetokea nje."

Akarudi kwenye ndizi zake.

Wimbo wenyewe ulikuwa ukichezwa kila mahali mwaka huo. Mwimbaji wake aliitwa Tej Tufani, mtu wa Ludhiana, India, ambaye nyimbo zake zilitengenezwa hapahapa Stockholm kwa sababu nyimbo nyingi za dunia hutengenezwa hapa, kama viti. Ulichezwa kwenye duka la dawa. Ulichezwa mahali wanapokata nywele. Watoto wa shule waliuimba ndani ya treni ya chini ya ardhi, na walipofika penye vigelegele walinyamaza wote na kumwachia Gaudiosa.

Vumilia alikumbuka vilikotoka. Ilikuwa harusi ya binti wa Concessa, Mrundi wanayesali naye, kwenye ukumbi wa Jakobsberg. Muziki ulikuwa mikononi mwa Gilles, anayewatengenezea waimbaji midundo, na katikati ya sherehe Gilles aliweka mdundo usio na maneno, akasema anataka kuona kama watu watacheza. Watu walicheza. Gaudiosa alipiga vigelegele mara moja, vizuri sana, na Gilles alikuwa ameshika kinasa sauti karibu na keki. Tangu hapo Gaudiosa hakuwa amepata jambo la kushangilia, ndiyo maana alichelewa kujua.

Walimpigia Gilles.

"Maman, ni kasauti kadogo tu," alisema Gilles. "Bon, si ulikapiga mbele ya watu? Mimi nilikaokota."

"Kitu kikiwa kinywani mwa mtu, hakijaanguka," Gaudiosa alimjibu. "Uliokota wapi?"

Gilles akasema mtandao unakatika.

Kama ingekuwa furaha tu, wangeliacha. Lakini katika ukoo wa Gaudiosa watoto huzaliwa kimya. Wanapumua vizuri, wanafungua macho, wanatazama, wanasubiri. Hulia baada ya kuitwa kwa vigelegele, na anayeita lazima awe mwanamke wa damu yao, asiwe mama mwenyewe. Clement, kaka mkubwa wa Gaudiosa, alizaliwa wanawake wa nyumba wakiwa msibani ng'ambo ya mto. Majirani walimpigia vigelegele mpaka wakakaukiwa. Clement sasa ni mzee mwenye wajukuu na kahawa nzuri, na hajawahi kutoa sauti hata moja, wala ya kukohoa.

Huku Sweden, ukimtoa Vumilia mwenyewe, mwanamke wa damu hiyo alikuwa Gaudiosa tu. Simu haisaidii. Ilishajaribiwa kwa mtoto wa binamu yao aliyeko Oslo, na yule mtoto anaongea kwa mikono.

Tej Tufani alikuja mwenyewe, siku ya kazi, mchana, theluji imeanza kuwa matope. Gilles alikuwa amempa anwani. Vumilia alimfungulia mlango. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, amevaa koti la bei, mkononi ana boksi la peremende za Kihindi. Alivua viatu bila kuambiwa. Vumilia alivitazama viatu vile. Vilikuwa vikavu, kama mtu aliyebebwa hadi mlangoni.

Adhiambo wa ghorofa ya pili aliitwa kutafsiri Kiingereza, maana Vumilia aliishia darasa la saba na Gaudiosa anajua Kiswidi cha kazini tu.

"Huyu hajakuja kunywa chai," Adhiambo alinong'ona akiingia. "Mtu mkubwa hivyo hapandi ngazi za Hagsätra bure."

Tej akakaa kwenye kochi. Alipofungua mdomo, kabla ya maneno zilitoka kelele za umati, watu maelfu kwa maelfu wakipiga makofi na miluzi, kwa mbali, kama redio ya jirani. Walisubiri zipite, kama mtu anavyosubiri treni ipite ndipo aendelee na mazungumzo. Zilipopita alisema, "Shikamoo, anti." Gilles alikuwa amemfundisha.

"Marahaba," alisema Gaudiosa. "Muulize kigelegele changu kiko wapi."

Tej hakukataa. Akatoa simu, akaiweka mezani kifudifudi, wimbo ukicheza polepole, ili mama asikie jinsi kilivyokaa vizuri, alisema. Vumilia aliitazama ile simu. Mtu anayekuonyesha kitu, alifikiri, hakigeuzi uso chini.

Kisha Tej akaeleza, na Adhiambo akatafsiri, kelele za umati zikitangulia kila sentensi. Alisema alipokuwa kijana mama yake alikuwa akipanda juu ya paa la nyumba kumwita aje kula. Mtaa mzima ulikuwa ukiujua wito ule. Alipotunga wimbo wake wa kwanza aliuweka mwanzoni. Watu waliupenda kuliko mashairi yenyewe, na hapo ndipo umaarufu wake ulipoanza. Siku iliyofuata mama alipanda juu ya paa, akafungua mdomo, na wito ukasikika kwenye teksi barabarani.

"Sasa mama yake anamwandikia ujumbe," alisema Adhiambo. "Chakula tayari. Anasema si sawa. Anasema ndiyo maana amekonda."

"Muulize analala vizuri?" alisema Gaudiosa.

Adhiambo akauliza. "Anasema akilala, watu wanamwimbia nyimbo zake. Anasema zamani alikuwa anaimba ndipo watu wasikie. Siku hizi watu wanaimba, yeye anafungua mdomo tu. Ati umaarufu ni hivyo. Unazunguka dunia nzima ukisikiliza vitu ulivyochukua kwa watu, na kila mtu anakupongeza."

Gaudiosa alimwonea huruma kidogo. Akamsogezea sahani ya ndizi. Tej akala kwa haraka, kama mtu ambaye hajaitwa kula siku nyingi.

"Basi akirudishe," alisema Gaudiosa. "Mtoto wangu anakaribia kujifungua."

Tej akasema amejaribu. Huko Mumbai aliimba wimbo bila kigelegele, na umati ukakipiga wenyewe, na kikwaruzo chake. Amewaomba wenye kampuni wakitoe. Wamemwambia hicho sasa ndicho wimbo, kilichobaki ni yeye.

"Sasa amefuata nini hapa?" Gaudiosa aliuliza.

Adhiambo akatafsiri. Tej akainamisha kichwa. Umati ulichukua muda mrefu kupita.

"Anaomba kingine," alisema Adhiambo. "Cha wimbo mpya. Anasema safari hii anauliza kwanza."

Hapo Adhiambo akafyonza. Ulikuwa msonyo wa kwao Kisumu hasa, wa meno na mate, uliovutwa kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Simu pale mezani ilikuwa bado inaimba.

Tej akashukuru kwa ndizi, akavaa viatu vyake vikavu, akaondoka. Lile boksi la peremende Gaudiosa aliliweka juu ya kabati na hakuna aliyelifungua.

Kesho yake basi lilimwacha Adhiambo kituoni, dereva akimwona kabisa. Adhiambo akavuta mdomo afyonze, ukavuta hewa tupu. Jioni alishuka kwa Vumilia.

"Vumi, nicheki. Nafyonza?"

"Unavuta mdomo tu, dada."

"Na wewe husikii kitu?"

"Sisikii."

Wakaucheza wimbo. Mwishoni kabisa, baada ya vigelegele vya mara ya pili, palikuwa na msonyo. Haukuwapo jana yake. Ulikuwepo sasa hata kwenye simu za watu waliouhifadhi wimbo tangu mwaka jana, na watoto wa Hagsätra waliufyonza pamoja na Adhiambo, wakicheka.

"Mume wangu atanisumbua sasa," alisema Adhiambo. "Nitamjibu na nini?"

Vumilia alikaa akafikiri. Kwenye harusi mdundo ulikuwa ukicheza. Mezani wimbo ulikuwa ukicheza. Gaudiosa alishangilia, Adhiambo alichukia, na wimbo haukubagua. Yeye siku ile hakusema neno lolote tangu simu ilipowekwa, kwa sababu hakuipenda ilivyolala, na sauti yake alikuwa nayo.

Uchungu ulimshika asubuhi, mumewe yuko zamu ya basi. Gaudiosa alikwenda naye hospitali. Mkunga alikuwa mama wa Kiswidi mwenye soksi za rangi. Vumilia alikuwa amekwisha kumweleza kliniki kuhusu watoto wa kwao, na mkunga alikuwa amejibu kwamba ni sawa, wengine hutaka mishumaa.

Mtoto alitoka kabla ya saa sita mchana, wa kiume, mwekundu, anapumua vizuri. Mkunga akampima, akaridhika. Mtoto akamtazama mkunga, akaitazama taa, akamtazama mama yake, akasubiri.

Gaudiosa akasimama. Akafungua mdomo. Ulimi ulikwenda kulia na kushoto na machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na hakikutoka kitu. Mahali fulani mbali, labda mtaa wa Akalla, labda India, kigelegele chake kilikuwa kikishangilia kitu kingine.

"Ucheze, shangazi," alisema Vumilia.

"Huo wimbo?"

"Ndimo kigelegele kilimo."

Gaudiosa akatoa simu. Likaja kwanza tangazo la magodoro. Mtoto akalisikiliza lote, macho wazi. Halafu mdundo, halafu Tej Tufani na haraka zake, halafu kigelegele cha Gaudiosa, kirefu, na kikwaruzo mwishoni. Mtoto akakunja uso. Akavuta pumzi, akafungua mdomo wake mdogo usio na jino.

Vumilia akamziba.

Aliweka kiganja chote juu ya mdomo, pua akaiacha, akabana. "Zima," alisema kwa midomo tu, bila sauti. Gaudiosa akabonyeza, lakini vidole vyake vilikuwa vimelowa machozi na simu haikuvitambua. Mkunga akapiga hatua moja mbele, akasimama. Mtoto alitetemeka chini ya kiganja, amejaa kilio mpaka shingoni, na Vumilia alimshikilia hivyo Tej akirudia kiitikio, vigelegele vikirudi mara ya pili, mpaka msonyo wa Adhiambo ulipopita na simu ikanyamaza.

Akasubiri kidogo tena, kuhakikisha haufuati mwingine. Kisha akainua mkono.

Mtoto akalia. Kilio kilikuwa kikubwa na kibaya, na kilijaza kile chumba tu. Gaudiosa alikaa kwenye kiti akakisikiliza. Wakamwita Damas.

Kigelegele hakikurudi. Veneranda alipoolewa, waliucheza wimbo mbele ya simu ili Bukoba wasikie, na kule waliusikiliza kimya, mikono vinywani, kama Vumilia alivyowaagiza. Tej Tufani ametoa wimbo mpya, na ndani yake yumo mwanamke anacheka. Concessa anasema anaijua sauti hiyo, ni ya dada mmoja wa kanisani kwao ambaye siku hizi akichekeshwa hutikisika mabega tu. Gilles amenunua kinasa sauti kingine. Wimbo wa zamani nao haujaisha. Uko kwenye duka la dawa, uko kwa daktari wa meno, uko kwenye masikio ya watu ndani ya treni na unavuja.

Miezi ya kwanza, kila ulipoanza, mkono wa Vumilia ulipanda wenyewe kwenda mdomoni mwa mwanawe. Siku moja kituoni Hagsätra bibi mmoja wa Kiswidi alimwuliza kwa upole kama mtoto anaumwa. Vumilia alimjibu kwamba haumwi.

Siku hizi hahitaji kumziba. Damas anakaa kwenye kigari chake akipiga makelele anavyotaka, anaitana na njiwa, anagombana na soksi zake. Mdundo ukisikika mahali, hata kwa mbali, hata kabla mama yake hajausikia, hunyamaza, huinua mkono wake mdogo na kujiziba mdomo, na juu ya vidole macho yake hutazama watu mmoja mmoja.