Mwambie Dalmas, Mwambie Beryl

Mbithe alijua mambo yameharibika siku Dalmas alipokaa mstari wa mbele na Beryl akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Wiki moja kabla ya hapo walikuwa wakibanana kwenye kiti kimoja.

Kundi lao la somo la utafiti lilikuwa la watu watatu: Dalmas, mpenzi wake Beryl, na Mbithe, aliyeongezwa kwao kwa sababu hakuwa na kundi. Kazi ilikuwa kulinganisha maji wanayotumia wapangaji wa mtaa wa Mutuini na wale wa mtaa wa Riruta. Dalmas alizunguka Mutuini, Beryl akazunguka Riruta, na Mbithe akaachiwa kuunganisha. Sasa wale wawili walikuwa wameachana na kila mmoja amemfungia mwenzake simu.

Mapenzi yao hayangemhusu Mbithe hata chembe, ila somo hilo alikuwa ameanguka mwaka uliopita. Akianguka tena, hatahitimu Desemba, na mama yake kule Mwingi alikwisha kuwatangazia akina mama wa kanisa. Isitoshe, mwalimu wao, Daktari Muindi, alikuwa na sheria yake: siku ya kuwasilisha humchagua mmoja tu ajibu maswali, na alama za huyo ndizo za kundi zima.

Basi Mbithe akawa tarishi.

"Mwambie Beryl jedwali lake halieleweki," Dalmas alisema.

"Mwambie yeye ndiye haeleweki," Beryl akajibu. "Na macho ya kuangalia Veronicah kila saa hayawezi kusoma jedwali."

"Hata hiyo nimwambie?"

"Yote! Usiache kitu!"

Mbithe aliacha. Alikuwa mtu wa kuona haya, na matusi hayakumtoka kinywani hata yakiwa ya wenzake. Aliyaosha kwanza. "Beryl anasema ulisome tena, tafadhali." Tafadhali hiyo aliitia mwenyewe. Jibu la Dalmas nalo akaliosha, akarudi nalo. Afadhali angekuwa anafua mablanketi. Hayo angalau hukauka.

Jumatano Beryl akampigia simu akiwa amewaka moto. "Muulize huyo bwana wa ahadi mia, alihesabu vyumba ama ploti? Ama hesabu ilimpotea pamoja na aibu?"

Mbithe akasikia matusi matupu. Alipomaliza kuyaosha, hakikubaki kitu. Akamwandikia Dalmas: "Beryl anakusalimia."

"Salamu zake akae nazo," Dalmas akajibu.

Siku ya kuwasilisha, Beryl alimpa Mbithe mkoba wake amshikie, nao watatu wakasimama mbele ya darasa. Daktari Muindi akamchagua Dalmas.

"Hapa mnasema nyumba moja ya Mutuini inatumia mitungi mitatu ya maji kwa siku, na moja ya Riruta mitungi thelathini. Hawa wa Riruta wanafuga viboko?"

Darasa likacheka. Dalmas akapekua karatasi zake mbele na nyuma.

"Haya, nakuruhusu kumuuliza mwenzako."

Dalmas akamgeukia Mbithe, kama alivyozoea. "Mbithe, muulize Beryl..."

Beryl alikuwa amesimama papo hapo. Dalmas angenyoosha mkono angemgusa bega.

"Muulize mwenyewe!" Mbithe akafoka. "Si huyo hapo? Nimechoka, jameni! Nyinyi wawili mmenichosha!"

Wanafunzi wakatazamana. Hata akiitwa jina darasani, Mbithe huitika kwa kunong'ona. Dalmas akageuka polepole.

"Beryl. Hii thelathini uliitoa wapi?"

"Ni ya ploti nzima, vyumba kumi. Wewe ulihesabu nini?"

"Chumba kimoja kimoja. Si ungeniuliza?"

"Nilikuuliza Jumatano! Nilimtuma Mbithe!"

Macho yote yakamwangukia Mbithe. Uso ukamwaka.

"Ulianza na bwana wa ahadi mia," alisema. "Nikadhani yote ni matusi."

Daktari Muindi alivua miwani, akajifuta machozi ya kicheko. Dalmas akashika kalamu, akagawa thelathini kwa kumi ubaoni. "Mitungi mitatu," alisema kwa sauti ndogo. "Sawasawa na Mutuini."

"Mngezungumza mapema mngeleta kazi nzuri sana," daktari akasema. "Hii mmepita tu. Kaeni."

Mmepita. Mbithe hakutaka kusikia lingine.

Walipotoka, Dalmas na Beryl walikuwa wametangulia kwenye korido wakigombana uso kwa uso. "Ati nilikusalimia? Mimi? Nikusalimie wewe?" Na Dalmas alikuwa anacheka, na Beryl pia alikuwa anaelekea kucheka. Hakuna aliyetazama nyuma. Mbithe akagundua bado ameshika ule mkoba. Akauweka kwenye ngazi, akashuka huku akitafuta namba ya mama yake.

"We Mbithe! Mkoba wangu!"

"Uko kwa ngazi," Mbithe akajibu bila kugeuka. "Mwambie Dalmas akuletee."