Keki ya Vumbi

Katika ofisi ile ya Heidelberg, Ujerumani, aliyekosea hesabu huleta keki siku ya Ijumaa. Wenzake wanakula, wanamtania, na kosa linaishia hapo. Roswitha hakuwahi kuleta hata moja, na alijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Kazi yao ilikuwa vumbi. Chombo cha angani kilichokuwa kikiizunguka sayari kubwa ya Mshtarii kilirekodi kila chembe iliyokigonga, na programu ya Roswitha ilivitupa vishindo hafifu, ikivihesabu kuwa kelele za mitambo. Mwenzake Wendelin alishikilia kwamba vingine ni vumbi la kweli, jembamba mno, lililotanda kando ya miezi ya sayari ile. Roswitha alimpinga mpaka kwenye jarida la sayansi. Sasa mkataba wa Wendelin ulikuwa unakwisha, na bila vumbi lake haungeongezwa.

Jumatatu, kwa kutaka tu kujiridhisha, Roswitha alivifungua vile vishindo vilivyotupwa. Viliongezeka kila chombo kilipoukaribia mwezi, vikapungua kilipouacha. Kelele ya mtambo haijui mwezi uko wapi. Akaizima kompyuta, akaenda zake nyumbani. Wiki nzima alikaa kimya, na alipoulizwa alijibu kwa mzaha. Dhamiri ilimsuta vibaya, lakini aliogopa zaidi kuchekwa.

Ijumaa Wendelin akaingia na keki ya plamu.

"Haya, nichekeni," alisema. "Mwaka mzima nimewachosha na vumbi la kichwani mwangu. Roswitha alikuwa sahihi."

"Umechelewa, bwana," Profesa Harms, mkuu wao, akadakia. "Njaa ilikuwa itutoe roho." Watu wakacheka.

Wendelin akakata kipande cha kwanza, akampa Roswitha. "Chukua, dada. Hiki umekitolea jasho."

Alikipokea, akala. Plamu zilikuwa chachu. Wendelin alikuwa akimtazama bila kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomshinda.

"Keki hii nilipaswa kuileta mimi," Roswitha alisema. "Vumbi lipo. Programu yangu ndiyo inayolitupa."

Profesa akaweka kikombe mezani.

"Umejua lini?" Wendelin aliuliza.

"Jumatatu."

Wendelin alikifuta kisu taratibu kwa karatasi.

"Jana nilikufuata mezani kwako, nikakuuliza kwa mara ya mwisho kama kweli nimekosea," alisema. "Ukaniambia, leta keki yaishe."