Marehemu Hana Haraka

Jeneza lilikuwa juu ya mabenchi mawili ya kuazima, chini ya hema lenye rangi za chama, na hema lenyewe lilikuwa fupi. Jua likisogea kidogo tu, upande wa miguuni ulibaki nje unachomeka. Binti wa marehemu, aliyekuwa msusi pale sokoni, alimfuata mwenye hema akamwomba alivute upande wa pili. Yule bwana akamjibu kwamba hema limefungwa kwa maagizo, linatazama barabarani ili maandishi yasomeke.

Basi msusi na majirani wakalibeba jeneza wenyewe, wakalisogeza. Baadaye jua likasogea tena, wakalibeba tena.

"Mwenzangu," jirani yake muuza mkaa alimnong'oneza, "mama tunamzika au tunamwanika?"

Msusi alikuwa akifukuza nzi kwa kipande cha kitambaa, na macho yake yalikuwa makavu kwa hasira. Tangu asubuhi watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vyenye picha ya Mheshimiwa Diwani mgongoni, kila mtu amemkalia Mheshimiwa mmoja, na mwingine wa kiti cha mbele anamtazama. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga nyimbo za maombolezo, na kati ya wimbo na wimbo, kama kwa bahati mbaya, wimbo wa kampeni.

Mama yake alikuwa mfagiaji wa soko. Maisha yake yote yalikuwa kufagia na kusubiri. Alisubiri maji bombani, alisubiri mshahara kwenye korido za halmashauri, alisubiri kupewa kazi ya kudumu mpaka mgongo ukapinda. Alipoanza kubanwa na kifua alimwambia bintiye jambo moja tu. "Nikifa nizike upesi. Nimesubirishwa vya kutosha. Nisije nikasubirishwa na siku hiyo." Msusi akamwahidi bila hata kufikiria, kwa kuwa ahadi hiyo ilionekana nyepesi. Nani duniani angekuwa na shida na maiti ya mfagiaji?

Hakujua kwamba mama angefariki wiki ya uchaguzi.

Alifariki Jumatano alfajiri, barazani kwa zahanati mpya. Msusi na muuza mkaa walikuwa wamemsukuma kwa mkokoteni, anahema kwa shida, mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli utepe uliokatwa siku ya ufunguzi ulikuwa bado unaning'inia, umepauka. Zahanati ile Mheshimiwa aliifungua kwa shangwe, akapigwa picha, akaifunga. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake akijikuna, akasema hana ufunguo.

"Uko kwa nani?"

"Kwa Mheshimiwa. Anasubiri siku nzuri ya kuianzisha."

Mama akakata roho pale pale, kichwa kikiwa mapajani mwa bintiye, chini ya kibao cha marumaru chenye jina la Mheshimiwa. Mlinzi alivua kofia. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumsaidia.

Siku ile ile msusi alimsuka mama yake mara ya mwisho, mistari myembamba ya kwenda nyuma, kama alivyopenda. Majirani wakachimba kaburi. Mazishi yalikuwa yawe Alhamisi asubuhi. Hapo ndipo mjomba alipoingia.

Mjomba alikuwa kaka wa marehemu, na mtaani walimwita Kipaza, kwa sababu hakuwa na maneno yake mwenyewe. Alichosema Mheshimiwa asubuhi, mjomba alikirudia jioni kwa sauti kubwa zaidi. Kwa dada yake alikuwa hajakanyaga muda mrefu, hata alipoambiwa anaumwa. Lakini msiba ulipotangazwa alifika mbio, akapangusa macho yasiyo na machozi, akaomba kibali cha kuzikia akihifadhi yeye kama mwanamume mkubwa wa ukoo. Kilipoingia tu mfukoni mwake, akakohoa.

"Tutazika Jumamosi."

"Mjomba, kaburi limeshachimbwa."

"Kaburi lina miguu? Litakimbilia wapi?"

"Mama alisema asisubirishwe. Mimi nilimwahidi."

"Sikiliza, binti yangu. Marehemu hana haraka. Wenye haraka ni sisi tulio hai." Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti kama anayempa siri ya utajiri. "Jumapili ni kura. Jumamosi mikutano ni marufuku, maandamano marufuku, hata kusimama na fulana ya chama ni matata. Msiba peke yake ndio haujapigwa marufuku. Sasa wewe una msiba, na Mheshimiwa hana pa kusemea. Unaiona hiyo bahati?"

"Bahati ya nani?"

"Ya familia! Utapata hema, viti, gari la kumpeleka mama makaburini, sepetu, kila kitu. Wewe una gari? Una hema?"

"Nina mama."

"Ulikuwa naye," mjomba akasema, si kwa ukali, bali kwa ile sauti ya mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. Kisha akasimama, akapapasa mfuko wenye kibali, akaondoka.

Msusi alikwenda kwa wazee wa mtaa. Mmoja alimwambia mjomba ni mzazi, asibishane naye. Wa pili aliuliza kama chakula kitakuwepo. Bila kibali, mlango wa makaburi usingefunguliwa. Akarudi nyumbani, akajikaza, mama akapelekwa chumba cha maiti, akabaki anasubiri.

Sasa Jumamosi ilikuwa imekatika katikati na Mheshimiwa hajatokea. Mjomba alizunguka na simu sikioni, jasho likimtiririka, akisema "yuko njiani, yuko njiani". Msusi alimfuata nyuma ya choo alikokwenda kupigia simu, akamshika mkono.

"Mjomba, sema ukweli. Yuko wapi?"

"Amepita mara moja kwa mwenye maghala. Naye amefiwa na baba."

"Sisi tulimtangulia."

"Najua. Lakini kule kuna wapiga kura, mwanangu. Wana, wajukuu, wakwe, vibarua wa maghala, wote wameandikishwa. Lazima aanze kwenye uzito."

"Na hapa?"

Mjomba alimwangalia kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma msusi kuliko kitu chochote.

"Hapa ni wewe."

Mheshimiwa alifika jua limeanza kulegea, na msafara wake wa vumbi. Alishuka na miwani myeusi, leso puani, tumbo limemtangulia kama mjumbe wa kutangaza ujio wake. Alipopita mbele ya msusi aliinama kwa mjomba akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Marehemu ni mwanamume au mwanamke?" Akajibiwa. Basi akavua miwani, uso ukabadilika hapo hapo ukawa wa mfiwa, na mikono ikafunguka.

"Mama yetu! Mama wa soko! Jamani, nani atatufagilia sasa?"

Wanawake wachache wakalia, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Mchungaji, aliyeketi na kitabu chake tangu asubuhi, akaambiwa afupishe. Akafupisha. Mheshimiwa akapewa maikrofoni.

"Ndugu waombolezaji, mimi sikuja kufanya siasa. Sheria hairuhusu, na mimi naheshimu sheria." Mjomba akapiga makofi peke yake, akakumbuka ni msiba, akaacha. "Nimekuja kumsindikiza mama. Lakini niulize tu, zamani mama zetu walifia wapi? Si walifia njiani? Walifia kwenye mitaro? Leo huyu mama amefia wapi? Amefia kwenye zahanati yetu! Pumzi yake ya mwisho ameivuta mlangoni kwa huduma! Hayo siyo maendeleo? Na kesho mkiamka, mkumbuke nani aliwaletea mlango huo."

"Mlango ulikuwa na kufuli," msusi akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayomwambia mteja ainamishe kichwa. Waliokaa karibu walisikia. Viti vikalia. Mheshimiwa akatazama juu ya vichwa, kisha akamtazama mjomba, na mjomba akamfanyia ishara mtu wa mitambo. Wimbo wa maombolezo ukapanda juu.

"Uchungu," Mheshimiwa akasema kwenye maikrofoni, akitikisa kichwa. "Uchungu wa mzazi hauna mfano. Mshikeni huyo binti."

Wakamshika. Waliomshika walikuwa majirani zake, na walimshika kwa upendo, na hawakumwachia mpaka jeneza lilipopakiwa kwenye gari.

Makaburini Mheshimiwa alitupa udongo wa kwanza, akafuta vidole kwa leso, akapigwa picha akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akaangalia saa. Kulikuwa na msiba mwingine upande wa mtoni, na siku ilikuwa inakwisha. Alipopanda gari lake vijana wa kampeni nao wakaanza kukusanya vitu. Wanaume walikuwa bado wanafukia, kaburi halijafika hata nusu. Mmoja wa vijana wale akashika mpini wa sepetu iliyokuwa mkononi mwa fundi viatu wa pale mtaani.

"Mzee, hii inakwenda na sisi."

"Hatujamaliza."

"Zinahitajika msiba wa pili. Tuna ratiba."

Fundi viatu alimtazama mjomba. Mjomba alitazama gari. Sepetu zikatolewa mkononi moja moja, zikarushwa juu ya viti. Kisha dereva wa gari lililoleta waombolezaji akapiga honi, akatangaza kwamba anayetaka kurudi mjini apande sasa hivi, hakuna safari ya pili. Ni mbali kutoka makaburini. Watu waliinamisha nyuso, wakapanda. Wengine walimgusa msusi begani kwanza. Mjomba alikaa mbele, karibu na dereva.

Walibaki msusi, muuza mkaa, fundi viatu na majirani wachache. Muuza mkaa alitukana tusi moja refu lililomgusa Mheshimiwa, mama yake na chama chake chote, kisha akapiga magoti. Wote wakapiga magoti. Udongo wa kule ni mfinyanzi, ukikauka unashikamana vipande vipande. Walimzika mfagiaji kwa mikono, wakisukuma, wakikwangua, na msusi alichimbua madongo kwa vidole vile vile vya kusukia mpaka kucha zikapasuka. Walipomaliza kaburi lilikuwa bonge tu lisilo na umbo, lenye alama za viganja.

Asubuhi ya Jumapili msusi akaenda kupiga kura. Hata yeye hakuweza kueleza kwa nini. Labda alitaka kumpa mtu yeyote, hata kichaa wa stendi, ilimradi asiwe yule.

Kituo cha kura kilikuwa zahanati.

Kufuli halikuwepo. Mlango ulikuwa wazi wote, upepo unapita, na utepe uliopauka umekunjwa kando kwa heshima. Mstari ulianzia pale barazani alipofia mama yake. Msusi alisimama, akasogea, akasimama, mpaka akavuka kizingiti na kuona ndani kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na feni. Kulikuwa na mtungi wa hewa ya oksijeni kwenye kona, mrefu, mpya, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa shingoni. Pazia la kuwasitiri wagonjwa lilikuwa limefungwa kuzunguka meza ya kupigia kura. Na kando ya ukuta kulikuwa na kitanda, godoro lake limefungwa nailoni.

Karani alikuwa msichana mpole. Akamwomba kidole, akakiangalia.

"Dada, mbona una udongo? Umeingia mpaka ndani ya kucha. Wino hautashika, wataniuliza mimi. Kanawe hapo."

Kulikuwa na sinki safi. Msusi alifungua bomba, likakoroma, likanyamaza.

"Basi kanawe nyumbani, urudi," karani akasema. "Lakini utaanzia mwisho wa mstari. Samahani, ndiyo utaratibu."

Msusi aligeuka. Nje alimsikia mjomba akiwahimiza watu wanyooshe mstari, wasisukumane, kila mtu atafikiwa. Akatembea mpaka kwenye kitanda, akakaa. Nailoni ikalia chini yake.

Askari wa kituo akamjia. "Mama, shuka hapo. Hicho ni kitanda cha wagonjwa."

"Wako wapi?"

Askari akatazama kitanda, akatazama mlango, akarudi kwake. "Sasa wewe hapo unafanya nini?"

"Nasubiri," msusi akasema, akapandisha miguu.