Mayai ya Bi Mkubwa

Meneja aliingia chumba cha kuangulia mayai na ndoo mkononi, na Penseli alipoiona tu ile ndoo akajua imefuata nini.

"Leo Ijumaa," Meneja akasema. "Tulikubaliana nini?"

"Mwisho saa nane, bosi. Sasa hivi saa saba na robo."

"Wewe dada una kichwa kigumu kuliko hao mamba!"

Jina la Penseli alilipata hapo hapo kazini. Kwenye shamba la mamba, yai likitolewa kwenye kiota haligeuzwi hata kidogo, maana kitoto kinachoanza kukua ndani kimejishika kwenye ganda, upande wa juu. Ukilipindua, umekiua. Kwa hiyo kabla hujalinyanyua, unachora alama juu yake kwa penseli. Basi binti akawa anatembea na penseli sikioni kutwa nzima, mpaka nyumbani kwa shangazi yake, ambaye kila akimwona anatoka kuoga humwambia, "Hebu geuka nikuone mgongo," aangalie kama magamba yameanza kuota.

Sasa sikia. Siku waliyochukua mayai ya Bi Mkubwa, mamba jike anayeogopwa kuliko wote pale, mvua ilishuka ghafla. Mjomba wake, mlinzi wa mabwawa, alikuwa anamzuia Bi Mkubwa kwa mti mrefu huku anapiga kelele, "Fanya haraka, mwanangu, huyu bibi leo hana utani!" Penseli akachora alama kwenye maganda yaliyolowa, alama hazikushika hata moja. Wakayapakia kwenye boksi, wakatoka mbio. Kufika ndani, mayai thelathini na nane, meupe pee, hujui juu wapi wala chini wapi.

Meneja alitaka yatupwe palepale. Penseli akagoma. Yai lililo hai lina doa zito jeupe pale kitoto kilipojishika, kwa hiyo akawasha tochi ya simu, akayamulika moja moja, taratibu kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Akilipata doa analiweka juu, anachora upya. Mengine doa lilionekana wazi. Mengine, Mungu anajua, alikisia tu.

"Boksi hili nalibeba mimi," alimwambia Meneja siku ile. "Lisipotoa kitu, nirudishe kufagia mabwawa."

Na si maneno ya kusema kirahisi. Alishafagia mabwawa miaka miwili mizima, kazi ya mayai akijifunza mwenyewe kwenye simu wakati wenzake wamelala mchana, mpaka akaingizwa chumba hiki. Sasa maboksi mengine yote yalishaangua wiki iliyopita. Boksi lake, namba saba, kimya.

"Yamekufa, dada. Kubali."

"Yamechelewa. Boksi liko mlangoni, kila mtu akifungua ubaridi unaingia. Nimepima kila siku, joto limepungua digrii moja. Hayo yanachelewa, hayafi."

"Usianze kunililia machozi ya mamba."

"Mimi silii, bosi. Naomba ufunge mlango."

Meneja akaufunga, kwa kishindo.

Watoto wa mamba huita wakiwa bado ndani ya yai. Mmoja akianza, wenzake hujibu, na mama yao akisikia huja kuwafukua. Penseli alirekodi sauti za boksi namba tatu, kwa hiyo akailaza simu juu ya mchanga uliofunika mayai ya boksi lake, akabonyeza. Simu ikaita. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mara ya tatu, simu ikaisha chaji, zii.

Meneja akainyanyua ndoo.

"Si nilikufundisha kuwaita kwa mdomo?" Mjomba alikuwa anachungulia dirishani. "Au unaona aibu?"

Ndiyo, alikuwa anaona aibu. Lakini akapiga magoti, akasogeza mdomo mpaka kwenye mchanga. "Ngwek! Ngwek!"

Weee, Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Kusoma kote kule kwenye simu, unaongea na mayai!"

"Ngwek! Ngwek!"

"Ngwek."

Meneja akakata kicheko. "Umefanya wewe hiyo?"

"Nimefunga mdomo, bosi."

"Ngwek," boksi likasema tena. Likajibiwa kutoka pembeni. Mara kona ile, mara kona hii, mara boksi zima kelele tupu! Na huko nje uzio wa waya ukalia kama umegongwa na gari.

"Bi Mkubwa kasikia wanawe!" Mjomba akapiga kelele, akikimbilia mti wake.

"Anataka kuwala!" Meneja akaruka nyuma. "Si wanasema huwa anawameza?"

"Huwa anawabeba kwenda majini," Penseli akasema. Alishaanza kulibandua ganda la kwanza kwa ukucha. "Mdomo ndio mbeleko yake. Hebu nipe hiyo ndoo. Na maji ya vuguvugu, haraka!"

Meneja mzima akatumwa maji, akaenda.

Muda si muda, watoto ishirini na tisa walikuwa wanapandana ndani ya ndoo, kila mmoja mrefu kama rula na anang'ata kama ana kesi na mtu. Yalibaki mayai tisa, hayasemi. Penseli aliyajua kwa alama zake zilizopinda. Ni yale ya kukisia.

"Basi, umeshinda," Meneja akasema, sasa kwa upole. "Kazi unayo, chumba ni chako. Haya mengine niyatoe."

Akanyoosha mkono. Penseli akayafunika kwa viganja vyote viwili.

"Saa ngapi, bosi?"

"Saa nane kasoro kumi."

"Basi nina dakika kumi," Penseli akasema, akainama tena kwenye mchanga. "Ngwek."